Mke mwema wa Mithali 31 alikuwa na biashara zake

Huku Mbeya bado utasikia kwenye semina za ndoa eti mke wa kibiblia ni wa kukaa ndani tu, hela ni mambo ya baba, na ushahidi wanaokupa ni Mithali 31. Jamani tuisome yote. Mstari wa 16 huyo mama anaangalia shamba analinunua, anapanda mizabibu kwa mapato yake mwenyewe, wa 24 anatengeneza nguo za kitani anauza, na bado nyumbani kwake watu wanakula na kuvaa vizuri. Tena mfalme Lemueli alifundishwa haya na mama yake! Kwa hiyo dada unayeuza viazi Mwanjelwa usihukumiwe. Mstari wa 31 unataka apewe mapato ya mikono yake na asifiwe malangoni, pale wazee walipokaa kuamua mambo ya mji.