Je, wajua kwa nini feni iliyotolewa kwenye kompyuta mbovu hufaa kunyonya moshi wa kulehemu?

Fundi anayelehemu vifaa vya elektroniki huinama juu ya kazi yake, na moshi mweupe unaopanda kutoka kwenye ncha ya chuma cha kulehemu humfikia puani moja kwa moja. Wengi huudhani kuwa ni mvuke wa madini ya risasi, lakini sivyo. Waya wa kulehemu wenye bati asilimia 63 na risasi asilimia 37 huyeyuka kwenye nyuzi joto 183 za Selsiasi, na chuma cha kulehemu hutumika kwenye nyuzi 350 hivi, ilhali risasi haichemki mpaka zipite nyuzi 1,700. Kinachofuka ni flaksi, ambayo mara nyingi hutengenezwa kwa utomvu wa misonobari, na ambayo hujazwa ndani ya waya huo ili kuondoa uchafu unaozuia madini kushikana. Moshi wake unajulikana kusababisha pumu ya kazini, na aliyekwisha kuipata huweza kubanwa kifua hata na moshi kidogo. Risasi yenyewe huingia mwilini zaidi kupitia mikono isiyonawiwa kabla ya kula, na hilo feni haiwezi kulitibu.

Feni ya kompyuta ya mezani kwa kawaida hutumia umeme wa volti 12, na nyingi hazifikishi ampea 0.3, hivyo adapta ya ruta ya zamani yenye volti hizohizo hutosha. Mota yake haina brashi, yaani vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka: sumaku huzunguka pamoja na mapanga, koili (nyaya zilizoviringwa) hutulia, na saketi ndogo hupokezanisha umeme kati ya koili hizo. Kwa sababu hiyo, kugeuza chanya na hasi hakuizungushi kinyume, bali huizuia kuzunguka na huweza kuiunguza. Rangi za waya hutofautiana, lakini kwenye plagi ya pini tatu au nne, ya kwanza ni hasi na ya pili ni chanya; zilizobaki ni za kupima na kudhibiti kasi, nazo zifunikwe kwa utepe.

Jambo linalokosewa sana ni mahali pa kuiweka. Hewa inayopulizwa husafiri mbali kwa mkondo mmoja, lakini inayonyonywa huja kutoka pande zote, ndiyo maana mtu huzima mshumaa kwa kupuliza akiwa mbali kidogo, wala hawezi kuuzima kwa kuvuta pumzi. Feni iliyo nusu mita kutoka kwenye kazi hainyonyi karibu chochote. Isogezwe hadi sentimita 10 au 15, upande uliopo moshi, uso wa fundi ukiwa nje ya njia hiyo. Kuigeuza ipulize ni kosa, kwani hupoza kiungo kinacholehemiwa na kuusambaza moshi chumba kizima. Hewa hutokea upande wenye mikono inayoshikilia mota, kwa hiyo upande wa pili ndio uelekezwe kwenye kazi.

Sponji ya mkaa amilifu, yaani mkaa uliotayarishwa ili kunasa harufu, huweza kufungwa mbele yake, ila iwe nyembamba, maana mapanga haya husukuma hewa nyingi kwa nguvu ndogo na hulemewa upesi. Zaidi ya hayo, sponji hupunguza harufu na sehemu tu ya moshi, kwa kuwa chembe zake ni ndogo mno. Penye dirisha, ni bora zaidi meza isogezwe hapo na feni ipeleke moshi nje.