Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Kilimanjaro: Njia Moja na Huduma Zinazoizunguka

Abiria wengi hukipima kiwanja cha ndege kwa wanayokutana nayo ndani ya jengo: urefu wa foleni, ubora wa viti, bei ya chai. Kwa mtaalamu wa usafiri wa anga, kipimo cha kwanza kiko nje, kwenye lami. Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Kilimanjaro, ambacho wengi tunakiita KIA, kilifunguliwa mwaka 1971 katika Wilaya ya Hai, kati ya Arusha na Moshi. Kina njia moja tu ya kuruka na kutua ndege, yenye urefu wa takriban mita 3,600 na upana wa mita 45, na huduma nyingi zinazotolewa hapo hueleweka vizuri zaidi mtu akianzia kwenye njia hiyo.

Urefu huo si anasa. Kiwanja kiko karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari, na kadiri mahali panapoinuka na joto linapoongezeka, ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi. Katika hewa nyepesi mabawa hushindwa kuinua ndege mapema na injini hupungukiwa nguvu, kwa hiyo ndege iliyojaa abiria na mafuta ya safari ndefu hulazimika kukimbia umbali mkubwa kuliko ambavyo ingekimbia katika kiwanja cha pwani chenye joto lile lile. Njia imelazwa mashariki na magharibi; tarakimu 09 na 27 zilizochorwa kwenye ncha zake zinatokana na nyuzi za dira, yaani 90 na 270, na waongozaji ndege huchagua upande wa kutumia kwa kuangalia upepo unatoka wapi.

Kuwa na njia moja kuna gharama yake. Ndege moja ikiharibika katikati ya njia, nyingine haziwezi kutua, na ndiyo maana kila ndege inayokuja hubeba mafuta ya kutosha kuifikisha kwenye kiwanja mbadala. Desemba 2013, ndege kubwa aina ya Boeing 767 iliyokuwa ikielekea KIA ilitua kwenye kiwanja kidogo cha Arusha, ambacho njia yake wakati huo ilikuwa na urefu wa mita 1,620 hivi. Hakuna aliyeumia, lakini ndege ilikwama kwenye nyasi.

Kikosi cha zimamoto na uokoaji kinapaswa kuwa tayari wakati wote ambapo ndege zinaruka na kutua. Viwango vya kimataifa vinataka gari la kwanza lifike sehemu yoyote ya njia ndani ya dakika tatu, na idadi ya magari, maji na povu hupangwa kulingana na urefu na unene wa kiwiliwili cha ndege kubwa inayohudumiwa. Abiria hawakioni kikosi hiki, na binafsi naona ndicho kinachostahili kuulizwa kwanza kabla ya habari za maduka.

Ndani ya jengo, msafiri anayetoka nje ya nchi hupita Afya, Uhamiaji, kisha Forodha. Anayetoka katika nchi yenye hatari ya homa ya manjano, au aliyekaa huko zaidi ya saa 12 akisubiri ndege, huombwa cheti cha chanjo. Cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa, na tangu mwaka 2016 hudumu maisha yote. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, hivyo ni vyema kuiacha nyumbani. Anayeondoka akumbuke kwamba betri za akiba za kuchajia simu husafiri kwenye mzigo wa mkononi, kamwe si kwenye begi linalokwenda tumboni mwa ndege, kwa sababu betri ikishika moto huko hakuna mhudumu wa kuizima.

Jambo linalowasumbua wageni wengi, na hata mawakala wa safari, ni kuchanganya viwanja viwili. Alama ya KIA kwenye tiketi ni JRO, ilhali kiwanja cha Arusha kilichoko Kisongo, magharibi mwa jiji, ni ARK, na ndege nyingi ndogo za kwenda Serengeti na mbugani kwingine huondokea huko. KIA iko takriban kilomita 50 kutoka Arusha mjini, na kufika Kisongo kunahitaji kulivuka jiji lenyewe. Anayeunganisha safari kati ya viwanja hivyo ajipe angalau saa tatu tangu ndege ya kwanza itue, na azidishe iwapo anawasili jioni ambapo barabara ya Moshi hujaa magari.