Barua ya miaka 20 si kadi ya bima

Mwaka 2009 jeshi la Marekani lilianzisha mpango wa MAVNI, uliowaruhusu wageni wasio na kadi ya kijani kujiunga iwapo walijua lugha zilizohitajika. Kiswahili kilikuwa mojawapo. Waliokula kiapo mwaka ule, kisha wakahamia Jeshi la Akiba au Walinzi wa Taifa bila kukatiza, watafikisha miaka 20 ya utumishi mwaka 2029. Wengi wao watakuwa bado na watoto shuleni, na hapo ndipo maneno ya kusikia kwa watu kuhusu bima ya afya ya jeshi yanapoweza kuwagharimu.

"Ukishapata barua ya miaka 20, bima ya jeshi ni yako."

Hii ndiyo inayoumiza wengi. Barua ile inathibitisha kwamba una haki ya pensheni, basi. Pensheni yenyewe kwa kawaida huanza ukiwa na miaka 60, na bima ya wastaafu nayo huanza hapohapo. Askari wa akiba akistaafu na miaka 42, ana miaka 18 ya kungoja. Wanajeshi wenyewe hukiita kipindi hicho eneo la kijivu: hulipwi, lakini si raia wa kawaida pia.

Tatizo ni mazoea. Askari huyo alipokuwa bado anahudhuria mazoezi ya mwisho wa wiki, alikuwa na TRICARE Reserve Select, bima ya afya ya jeshi kwa askari wa akiba, ambayo yeye huchangia asilimia 28 tu ya gharama na serikali humalizia. Siku anapostaafu inakatika. Anayotakiwa kuinunua badala yake ni TRICARE Retired Reserve, na hiyo anailipa yote mwenyewe. Mwaka 2024 tofauti ilikuwa hivi: mtu mmoja alitoka dola 51.95 kwa mwezi akaenda 585.24, mwenye familia alitoka 256.87 akaenda 1,406.22. Hiyo ya pili ni kodi ya nyumba katika miji mingi.

Kwa hiyo kabla hujatia saini karatasi za kustaafu, uliza bima ya kazini kwako, au ya kazini kwa mwenzi wako, inagharimu kiasi gani. Mara nyingi itakuwa nafuu. Na kama una haki ya FEHB, bima ya wafanyakazi wa serikali kuu, hiyo Retired Reserve huwezi hata kuinunua.

"Nimekwenda vitani, napata pensheni mapema, basi na bima inawahi."

Nusu ya kwanza ni kweli. Kila siku 90 za utumishi wa wakati wote unaokubalika, baada ya tarehe 28 Januari 2008, hupunguza umri wa pensheni kwa miezi 3, lakini haushuki chini ya miaka 50. Bima haikuguswa na sheria hiyo. Unaweza kupokea pensheni na miaka 57 na bado ukajilipia bima mpaka 60.

"Ukifika 60, kila kitu kinajiwasha chenyewe."

Hakijiwashi. Pensheni unaiomba wewe. Kisha una siku 90 za kuchagua kati ya mipango miwili ya bima ya wastaafu, TRICARE Prime na TRICARE Select, na kujiandikisha. Ukilala, unaweza kukaa bila bima mpaka dirisha jingine la kujiandikisha lifunguke.

"VA inatosha kwa nyumba nzima."

Hospitali za Idara ya Maveterani (VA) ni huduma, si bima, na mlengwa ni askari mwenyewe. Mkeo hawezi kwenda kujifungulia kwa kadi yako. Isitoshe, aliyeitwa kwa mafunzo peke yake, asiwahi kupelekwa kwenye utumishi wa wakati wote kwa amri ya serikali kuu, kwa kawaida hastahili kujiandikisha.

"Nikirudi nyumbani, Medicare ya nini?"

Hili linawahusu hasa wanaojenga Kitengela au Kigamboni wakiota uzee wa upepo wa nyumbani. Ukifika miaka 65, TRICARE ya mstaafu hugeuka kuwa TRICARE For Life, na sharti lake ni uwe na Medicare, bima ya afya ya wazee ya serikali ya Marekani, sehemu A (ya hospitali) na B (ya madaktari). Medicare hailipi chochote Mombasa wala Dar es Salaam. Hata hivyo sehemu B lazima uilipie kila mwezi (ilikuwa dola 174.70 mwaka 2024), maana ukiiacha, TRICARE nayo inakuacha. Ukibadili mawazo baadaye, unaongezewa adhabu ya asilimia 10 kwa kila mwaka mzima uliochelewa, na adhabu hiyo haina mwisho. Ni sheria inayokera, nakiri, lakini ndivyo ilivyo.

Faida yake ni kwamba ukiwa Afrika Mashariki, TRICARE ndiyo inayokuwa mlipaji wa kwanza. Isipokuwa usitarajie hospitali itaipigia simu Marekani: aghalabu unalipa mwenyewe kwanza, kisha unadai. Dai lina muda wa miaka 3 tangu siku ya matibabu, na linataka ankara inayoeleza ulitibiwa nini pamoja na ushahidi kwamba fedha zilitoka mfukoni mwako. Risiti isiyotaja ugonjwa wala tiba irudishe dirishani kabla hujatoka hospitalini.