Kukojoa Sana Si Kusafishwa Figo

Kila dawa mpya ya mitishamba inapoingia sokoni Kirumba, ushahidi unaotolewa ni uleule: mgonjwa wa presha ameinywa, amekojoa usiku kucha, asubuhi kipimo kimeshuka, basi dawa "imesafisha figo". Hoja hii nimeisikia kwa wauzaji na kwa wagonjwa, na sasa nimeisikia kwa mtu aliyesomea famasia. Kwa kuwa kazi yangu hapa Mwanza ni kupima mimea hiyohiyo maabara, sioni tena sababu ya kuinyamazia.

Figo za mtu mzima mwenye afya huchuja takriban lita 180 za majimaji ya damu kwa siku, na karibu zote hurudishwa mwilini. Kinachotoka kuwa mkojo ni lita moja na nusu au mbili tu. Mmea unaomfanya mtu akojoe lita tatu kwa kawaida haujaongeza uchujaji hata kidogo, bali umezuia sehemu ndogo ya maji na chumvi isirudishwe. Ndivyo inavyofanya kazi furosemidi, dawa ya hospitali ya kuongeza mkojo, na hakuna daktari anayeiita dawa ya kusafisha figo. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa naye hukojoa sana, na figo zake ndizo zinazozidi kuharibika. Kreatinini, taka ya misuli ambayo figo huitoa, inaweza kupanda kwenye damu siku baada ya siku huku mkojo ukitoka kwa wingi, na mgonjwa akiwa na furaha kwamba anapona.

Kuhusu presha kushuka, ni kweli kwamba maji na chumvi vikipungua mwilini presha hupungua. Lakini presha hupanda na kushuka yenyewe pia, na mtu huanza dawa siku ambayo imepanda zaidi. Ndiyo maana tunahitaji kundi la kulinganisha. Katika utafiti wa rosela, lile ua jekundu la kutengenezea juisi, uliochapishwa Marekani mwaka 2010, watu 65 waligawanywa, wengine wakanywa vikombe vitatu vya rosela kwa siku kwa wiki sita, wengine kinywaji kilichofanana nayo kisicho na rosela. Namba ya juu ya presha ilishuka kwa milimita 7.2 za zebaki, kipimo cha presha, kwa wanywaji wa rosela, na kwa 1.3 kwa wale wengine. Hayo ni matokeo mazuri, nami nayaheshimu, ila hayasemi lolote kuhusu kutibu figo.

Maabara tunaanza na utambulisho: tawi lenye majani, na ua au tunda likipatikana, hukaushwa na kuhifadhiwa herbaria, yaani hifadhi ya mimea mikavu ya rejea. Wanaoona hatua hii ni urasimu wakumbuke Brussels mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambako wanawake waliotumia mitishamba ya kupunguza uzito waliharibikiwa figo kwa sababu mmea mmoja ulikuwa umebadilishwa na mwingine wa jamii ya Aristolochia. Kisha huja dozi, panya, damu na mkojo.

Hapo ndipo penye mashaka ambayo vitabu huyapitia haraka. Panya wetu hupandishwa presha kwa kemikali inayozuia mishipa kulegea, ilhali mzee wa Ukerewe ana miaka mingi ya chumvi, umri, na pengine kichocho. Mganga huchemsha mizizi kwa maji kwa saa nyingi, nasi mara nyingi tunailoweka katika ethanoli. Hizo ni dawa mbili tofauti, hata kama jina la mti ni moja, na nadhani tafiti nyingi zimepima dawa ambayo hakuna mgonjwa anayeinywa. Tena kreatinini huchelewa sana: figo zinaweza kupoteza karibu nusu ya uwezo wake kabla haijapanda waziwazi. Kwa hiyo ripoti inayosema panya walikuwa na kreatinini ya kawaida baada ya siku 28 hainiridhishi bila protini ya mkojo na vipande vya figo vilivyotazamwa kwa hadubini.

Kinachonitia hofu kuliko yote ni potasiamu, madini yaliyomo kwenye mimea. Michemsho mingi ya majani huwa nayo kwa wingi, na figo dhaifu hushindwa kuitoa. Ikizidi kwenye damu inaweza kusimamisha moyo. Losartani, enalaprili na spironolaktoni, dawa za hospitali za presha, nazo huibakiza mwilini. Mgonjwa wa figo anayemeza mojawapo na kunywa mchemsho juu yake apeleke kifurushi chenyewe kliniki, na aombe apimwe potasiamu siku hiyohiyo, hata kama anakojoa vizuri.