Nguzo ya Msingi Huanza Kubanwa Kabla Jengo Halijasimama

Wengi hudhani nguzo ya msingi iliyogongwa ardhini hukaa humo bila mzigo, ikisubiri jengo. Sivyo. Kila pigo la nyundo huibana na kuifupisha kidogo. Pigo likiisha, nguzo hutaka kurudia urefu wake, na udongo uliobanwa chini ya ncha nao huisukuma juu. Lakini udongo ulioshika ubavu wake, hasa sehemu ya juu, huizuia isipande. Nguzo hubaki imebanwa hivyo hivyo, ncha yake ikiwa tayari na mzigo.

Mkazo huu uliobaki ndio unaopotosha majaribio mengi. Geji, yaani vipimo vya mbano, zilizofungwa ndani ya nguzo zikirudishwa kwenye sifuri baada ya kugonga, mzigo uliokwishakaa kwenye ncha hauonekani. Jaribio la kukandamiza litaonyesha msuguano wa ubavuni mkubwa kuliko ulivyo, na ncha dhaifu kuliko ilivyo. Jumla ya uwezo haibadiliki. Kinachokosewa ni mgawanyo, na mhandisi akiutumia kukadiria nguzo ya urefu mwingine, hesabu yote itapinda. Geji zisomwe kabla ya pigo la kwanza. Kwa hili sioni nafasi ya mjadala.

Nguzo ya zege inayomwagwa katika shimo lililochimbwa ina historia nyingine kabisa. Kuta za shimo hulegea, na tope lisiposafishwa chini, ncha hudidimia sana kabla ya kushika.

Katika udongo wa mfinyanzi, muda una uzito wake. Kugonga hupandisha shinikizo la maji yaliyo kati ya chembe, hivyo chembe hushikana kwa nguvu ndogo. Maji yanapopenya pembeni taratibu, kwa siku, wiki au hata miezi, nguzo huongezeka nguvu. Kuipima mapema ni kuidhulumu. Katika mchanga maji hutoka haraka, ila mchanga wa chembe ndogo ulioshonana sana unaweza kufanya kinyume: nguzo ikaonekana imara leo, ikalegea baadaye. Kuigonga tena baada ya kuipumzisha hufichua hali zote mbili.

Zikiwa nyingi na karibu karibu kwenye mfinyanzi, nguzo inayogongwa sasa inaweza kuinua jirani zake na kuzing'oa ncha kutoka zilipokuwa zimekaa. Vichwa vyote vipimwe kimo kabla na baada, na iliyoinuka igongwe tena.