Bayi hakuwa mtu wa kufyatuka tu

Juzi tena mzazi mmoja alisimama kando ya kiwanja akimpigia kelele kijana wangu wa mita 1500: "Chomoka kama Bayi!" Kijana akachomoka. Kufika mita 1000 mabega yamepanda hadi masikioni, wenzake wanne wakampita. Nimechoka na hadithi hii kwamba Filbert Bayi, mkimbiaji wetu wa Tanzania, alifyatuka tu, kisha akamwachia Mungu yaliyobaki.

Christchurch, tarehe 2 Februari 1974, fainali ya mita 1500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Kijana wa Karatu aliongoza tangu mlio wa bastola hadi mwisho: 3:32.16, rekodi ya dunia. John Walker wa New Zealand, aliyekuwa wa pili, naye alikimbia chini ya rekodi ya zamani.

Sasa shika saa. Mzunguko wa kwanza, chini ya sekunde 55. Watu wanaishia hapo. Lakini ukigawa muda wote, kila mita 400 zinaangukia wastani wa sekunde 56.6, kwa hiyo mwanzo wake ulizidi wastani huo kwa sekunde mbili hivi tu. Somo lenyewe liko mzunguko wa tatu: alipunguza kasi hadi sekunde 58 na ushei. Alikuwa anavuta pumzi huku bado yuko mbele! Kisha mita 300 za mwisho akazila kwa sekunde 41 na ushei, kasi ya mzunguko wa sekunde 55. Aliyekata pumzi hamalizi hivyo.

Mwaka uliofuata, Kingston, akachukua na rekodi ya maili, 3:51.0. Olimpiki ya Montreal 1976 Tanzania ilisusia, Walker akapata dhahabu bila Bayi kuwepo.

Mtindo huu una gharama, sitaificha. Olimpiki ya Moscow 1980, mita 3000 kuruka viunzi na maji, Bayi aliwaacha wote mbali, lakini Bronisław Malinowski wa Poland akamkamata mzunguko wa mwisho. Bayi akabaki na medali ya fedha, 8:12.48. Na kwangu mazoezini, vijana wengi nikiwaambia wapumue ndani ya kasi, wanalegea hadi miguu. Wachache wanaipata, na siwezi kusema ni mimi niliyewafundisha.

Jumanne kijana wangu anarudi kiwanjani. Nitamsubiri pale anapomaliza mita 800, nimwambie neno moja tu: "Mabega."