Jiko limependeza, sebule imezeeka: anzia kwenye taa, si kwenye makochi

Wateja wangu wa zamani hunipigia tena wiki chache baada ya jiko kukamilika. Makabati mapya yamefungwa, kaunta ya graniti inang'aa, ukuta uliotenganisha jiko na sebule umevunjwa. Sasa sebule ambayo haikuwa na shida yoyote inaonekana imechakaa, na mwenye nyumba ameshapita Keko kuulizia bei ya makochi.

Ushauri wangu huwa ni huo huo: makochi yasubiri. Kinachoizeesha sebule mbele ya jiko jipya, mara nyingi, ni rangi ya ukuta na mwanga wa taa. Hivyo viwili ukivirekebisha kwanza, unaweza kugundua kwamba nusu ya vitu ulivyotaka kuvitoa havina kosa.

Weupe si mmoja. Makabati mengi ya MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa) tunayofunga Dar siku hizi ni meupe yenye ubaridi, yanavuta kwenye bluu au kijivu. Sebule zetu nyingi zimepakwa krimu inayovuta kwenye njano. Kila rangi ikiwa peke yake ni safi kabisa. Zikitazamana, jicho linaichukua ile angavu kuwa ndiyo nyeupe, na ile nyingine inaonekana imeingia uchafu, kama kofia ya siku nyingi iliyovaliwa na kanzu iliyotoka dukani leo.

Kuna jaribio ambalo huwafanyisha watu kabla hawajanunua hata lita moja ya rangi. Chukua karatasi nyeupe ya kawaida, ibandike kwenye ukuta wa sebule, kisha ibandike kwenye mlango wa kabati. Ukuta ukiwa karibu na karatasi hauwezi kuficha asili yake: utaona unjano, uwaridi au ukijani ambao hukuwahi kuugundua. Kwenye nyumba moja ya Tabata, mama mwenye nyumba alikaa kimya kidogo mbele ya karatasi, kisha akasema, "Kumbe ukuta wangu ni wa pichi, dada! Miaka yote najua ni mweupe." Tulibadilisha rangi ile tu, na seti yake ya mninga ikabaki palepale ilipokuwa.

Usijaribu kupaka sebule rangi ileile ya makabati. Weupe wa baridi kwenye kuta kubwa, pamoja na vigae, hufanya chumba cha kupumzikia kifanane na chumba cha zahanati. Tafuta nyeupe ya katikati, isiyo na bluu ya kabati wala njano ya krimu ya zamani. Paka kipande cha ubao, si ukuta wenyewe, ukihamishe: asubuhi, saa kumi jioni, na usiku taa zikiwaka. Sebule yenye madirisha ya magharibi hupata jua la jioni lenye unjano mwingi, na rangi iliyokufurahisha saa tatu asubuhi inaweza kukuchosha kabla ya magharibi.

Pale ukuta ulipovunjwa kuna plasta mpya ya saruji. Ipe takriban wiki 4 ikauke na kukomaa kabla ya rangi, hata fundi akikuhakikishia kwamba imekauka. Saruji changa ina alkali kali, na hiyo hupenya hadi kwenye rangi, ikaiunguza na kuacha mabaka. Na kama bado hujavunja, usiguse ukuta kabla mhandisi hajakuambia kama umebeba zege la juu au la.

Sasa taa. Kwenye boksi la balbu kuna namba yenye herufi K (kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga), na watu wengi hawaisomi. 2700 hadi 3000 ni mwanga wa njano tulivu. 4000 ni mweupe wa katikati. 6500 ni ule mweupe wa bluu uliojaa madukani, ambao fundi umeme atakuletea usipomwambia kitu. Kwenye mwanga wa 6500 mninga hupauka, ngozi ya mtu huwa kijivu, na pilau hukosa hamu. Jiko na sebule vikiwa wazi, mimi huweka 3000 kwenye dari la pande zote mbili, kisha 4000 chini ya makabati ya juu tu, panapokatwa kitunguu na kusafishwa samaki. Ukiweka 6500 jikoni na 3000 sebuleni, mstari wa mwanga utaonekana sakafuni kila usiku, na hakuna zulia litakaloufuta.

Angalia pia namba ya CRI, wakati mwingine huandikwa Ra. Hiyo hueleza rangi za vitu zinaonekana kwa uaminifu kiasi gani. Isiwe chini ya 80. Ukipata 90, nunua, hasa kama una fanicha za mbao asilia.

Vigae visikutie homa. Jikoni umeweka vipya vya kijivu, sebuleni viko vya zamani vya krimu, na kuvipata vinavyofanana ni bahati nasibu. Viache vitofautiane wazi. Weka ukanda mwembamba wa aluminiamu pale vinapokutana, mstari wake ufuate ukingo wa kaunta, usipinde hata kidogo.

Kochi lenye fremu ya mbao ngumu usiliuze kwa hasira. Badilisha sponji, ya uzito wa kilo 30 hivi kwa mita ya ujazo kwa sehemu ya kukalia, na valisha kitambaa upya. Mimi husisitiza foronya zenye zipu zinazovuliwa na kufuliwa, kwa sababu ukuta ukishaondoka, mvuke wa mafuta ya kukaangia unafika kwenye makochi. Feni ya juu ya jiko ni lazima itoe hewa nje kwa bomba. Zile zinazochuja kwa mkaa na kurudisha hewa ndani hupunguza harufu, lakini unyevu unabaki, na kwa hewa ya pwani unyevu tunao wa kutosha.

Kutoka jikoni chagua kitu kimoja tu cha kurudia sebuleni. Vishikio vya kabati vikiwa vyeusi, bomba la pazia liwe jeusi, na fremu ya kioo pia. Bomba hilo lifungwe karibu na dari, si juu tu ya dirisha, na kitambaa kiwe na upana mara mbili ya dirisha ili pazia likifungwa libaki na mikunjo. Pazia likiwa la kushuka hadi chini, fundi alikate liishie sentimita 1 juu ya sakafu kwa ajili ya deki.